Jibu: Mtumbwi wa Kevlar uliokaa juani, ninunue?

Habari ndugu. Umeuliza kama mtumbwi ule wa Jinja, uliogeuka kahawia ndani, bado unafaa. Rangi peke yake isikutishe. Kevlar, yaani nyuzi imara za kiwandani zinazoundia mtumbwi huo, ni ya njano na jua huikoleza. Kwanza inama uchungulie chini ya kiti, mahali jua halifiki, ulinganishe. Kisha pitisha kiganja ndani. Unga mweupe tu? Huo unaondoka kwa msasa laini wa maji, halafu unapaka vanishi yenye kinga ya jua. Lakini nyuzi zikikuchoma ngozi, resini, ile gundi inayoshika nyuzi, imeshaliwa na jua. Bonyeza sakafu kwa gumba: ikilia kama karatasi kavu, achana nao, hata bei iwe tamu vipi. Na muuzaji akuambie mtumbwi ulilala wapi, bandani au ufukweni. Jua letu la ikweta halina likizo.