Jibu: Mbona London hadi New York tiketi inasema safari ni ya muda wa saa nane, wakati mimi nikipiga hesabu napata sita?

Ndugu, hesabu yako iko sawa. Kilomita 5,550 za kutoka Heathrow, uwanja wa ndege wa London, hadi JFK, uwanja wa New York, ukizigawa kwa mwendo wa ndege wa kilomita 900 kwa saa, unapata saa sita na ushee. Ila hizo ni za njia fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia, na ndege huwa haiifuati sawasawa.

Mlaji mkubwa wa muda ni upepo. Juu ya Atlantiki ya Kaskazini kuna mkondo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, mara nyingine zaidi ya kilomita 200 kwa saa. Ukienda New York unapambana nao. Ukirudi unakusukuma, ndiyo maana safari ya kurudi huwa kama saa saba, hata pungufu.

Halafu muda wa tiketi huanza ndege inapoondoka getini hadi inapoegeshwa, foleni ya kuruka ikiwemo. Na usitoe tu saa ya kuondoka kwenye saa ya kutua! Kila moja ni saa ya mahali pake, na New York kwa kawaida iko nyuma kwa saa tano.