Presha imepanda: je, niache pilipili na chumvi? Jibu la mla pilipili wa Majengo

Mdogo wangu, swali lako nililiuliza mwenyewe miaka sita iliyopita, tena nikilia. Unasema una miaka 49, umepimwa presha siku tatu tofauti na haishuki chini ya 150 kwa 95, umeambiwa "acha chumvi, acha pilipili", na Jumamosi marafiki wanakungoja soko la Burma kwa nyama choma. Unataka kujua kama utamu wa chakula ndio umekwisha hivyo. Mimi si daktari. Ni fundi cherehani wa miaka 61, mzaliwa wa Majengo, Pumwani, hapa Nairobi, na bado nakaa papo hapo. Dawa ya presha nameza kila asubuhi na pilipili nala kila mchana. Nakujibu kwa yaliyonipata.

Kwanza watenganishe hao wawili, maana watu huwataja pamoja kama Hasani na Huseni. Anayepandisha presha ni chumvi. Sodiamu yake huvuta maji, damu huzidi mishipani, moyo hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi, na figo kadiri umri unavyokwenda huchelewa kuitoa. Pilipili haina kesi hiyo. Kiwashacho ndani yake ni kapsaisini, nayo haiunguzi kitu. Inabisha tu mlango uleule wa neva unaofunguka ukishika sufuria ya moto. David Julius alipewa Nobel mwaka 2021, na mlango huo aliugundua kwa kuitumia hiyohiyo pilipili. Kwa hiyo mdomo unapiga ukunga wa moto na moto haupo. Kuku wako mpe pilipili uone: anadonoa kama mtama, kwa sababu mlango wa ndege hauisikii.

Na alsa? Marehemu mama yangu aliamini pilipili hutoboa tumbo, na nusu ya mtaa bado inaamini. Barry Marshall na Robin Warren walipata Nobel mwaka 2005 kwa kuonyesha kwamba vidonda vingi vya tumbo huletwa na bakteria. Marshall alifika kumnywa bakteria huyo mwenyewe ili asadikiwe. Sababu kubwa ya pili ni dawa za maumivu. Hapo najinyooshea kidole. Mgongo wa cherehani unaujua? Nilikuwa nanunua diklofenaki duka la dawa kama mtu anunuavyo peremende, miaka na miaka, na sikumwambia daktari yeyote kwa sababu sikuihesabu kuwa dawa. Kumbe dawa za jamii hiyo zinaweza kutoboa tumbo, kupandisha presha na kuzichosha figo, yote matatu. Siku niliyopimwa kwenye kambi ya matibabu ya bure mtaani na kukutwa na 168 kwa 102, yule muuguzi aliuliza kuhusu dawa za maumivu kabla hajauliza kuhusu chumvi. Nawe jiulize.

Sisemi pilipili ni malaika. Ikiwa kidonda tayari unacho, itakitonesha. Ukiwa na bawasiri utaijua njia yake yote tangu kuingia hadi kutoka. Na ukishavuka hamsini, kile kifuniko cha juu ya tumbo huweza kulegea, kiungulia kikawa mgeni wa kila usiku. Mimi nilikuwa nakula viazi karai na pilipili ya ukwaju saa nne usiku, nalala saa nne na nusu, halafu saa nane niko kitako kitandani nashika kifua. Dawa yangu ilikuwa ule unga wa kutoa povu kwenye maji. Glasi moja, mcheuo mmoja, usingizi. Sasa sikiliza uchawi wake: unga ule kwa sehemu kubwa ni sodiamu baikaboneti. Nilikuwa najinyima chumvi mezani mchana kutwa, kisha usiku naimwaga tumboni kwa glasi, nikiilaumu pilipili. Siku hizi chakula cha usiku kwangu ni saa kumi na mbili na nusu, au mara tu baada ya Magharibi, na muda wa saa tatu upite kabla sijalala. Kiungulia kimepungua mno, na pilipili ni ileile. Ukizidiwa na ukali usikimbilie maji, kapsaisini haiyeyuki majini. Kunywa maziwa au mala.

Tuje kwenye chumvi, maana hapo ndipo kazi ilipo.

Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Kila mtu akisikia hivyo husema "ah, mimi sifiki huko". Nami nilisema. Mpwa wangu anayesomea uuguzi akanipa mtihani mdogo: andika tarehe kwenye pakiti ya chumvi siku unayoifungua. Nyumbani tuko watatu, mimi, mzee wangu, yaani mume wangu, na mjukuu ambaye ni mkubwa tayari. Gramu 5 mara tatu ni 15 kwa siku, kwa hiyo pakiti ya nusu kilo ilipaswa kutufikisha siku 33. Iliisha siku ya 17. Karibu gramu 10 kwa kila mmoja, na hapo bado hatujahesabu mkate, wala soseji, wala vile vidonge vya mchuzi. Nilinyamaza. Fanya hesabu hiyo kwako kabla hujabadilisha chochote, kwa sababu ulimi utakudanganya. Unavyozeeka ladha hufifia, mkono nao unaongeza, na kwako chakula kinaonekana kimekolea tu.

Halafu kuna chumvi isiyoonjeka kama chumvi. Mkate. Ile mifuko ya unga wa mchuzi. Tambi za dakika mbili na kipakiti chake. Kwenye karatasi yake mara nyingi watakuandikia sodiamu, si chumvi. Izidishe mara mbili na nusu. Gramu 1 ya sodiamu ni gramu 2.5 za chumvi, kwa hiyo kikomo chako cha siku ni sodiamu gramu 2.

Na magadi! Hili halisemwi vya kutosha Nairobi. Jirani yangu wa mlango wa pili ni mtu wa Magharibi ya Kenya, mpishi hodari, mrenda wake unateleza wenyewe kooni. Alipoambiwa ana presha alikata chumvi kabisa, mboga akawa anapika kwa magadi peke yake, na presha ikakaa palepale. Magadi ni sodiamu, dada yangu, nilimwambia, yametoka ziwani lakini ni walewale. Baikaboneti ya kulainishia maharagwe na githeri nayo ni sodiamu hiyohiyo: kijiko kimoja cha chai kina zaidi ya gramu 1 ya sodiamu, nusu ya kikomo cha siku nzima. Loweka maharagwe usiku kucha, mwaga maji, chemsha taratibu. Makaa yatazidi kidogo, hilo sikufichi.

Sasa ladha. Nilichogundua, na hapa ndipo pilipili ilipogeuka rafiki, ni kwamba ulimi unataka kushtuliwa. Ukiuondolea chumvi bila kuupa kitu kingine utagoma. Wiki ya kwanza nilipika mbaazi za nazi zisizo na kitu, mzee wangu akala vijiko vitatu, akavaa kofia, akaenda kula kwa mama wa kibanda. Wiki ya pili nikabadilisha mbinu. Ukali, uchachu na harufu: ukiwa na hivyo vitatu, chumvi nusu inatosha.

Pilipili yangu ya ukwaju haina chumvi hata punje. Donge la ukwaju linaloenea kiganjani nalimwagia kikombe cha maji ya moto, naliacha mpaka maji yavumilike mkononi, nalikamua na kulichuja. Karoti moja na nyanya mbili nazichemsha mpaka zilainike. Pilipili mbuzi tatu napasua na kukwangua ile ngozi nyeupe ya ndani. Ukali mwingi uko humo, si kwenye mbegu kama wengi wanavyodhani, kwa hiyo ukitaka harufu bila kilio, ondoa nyeupe yote. Mimi naacha ya pilipili moja. Bizari nyembamba kijiko kimoja nakaanga kikavu mpaka inukie na kubadilika rangi kidogo, hapo isubiriwe kama maziwa jikoni, ukigeuka tu imeungua na itakuwa chungu. Punje nne za kitunguu saumu. Vyote nasaga pamoja, narudisha motoni dakika kumi, kikipoa nakamulia ndimu. Kwa kuwa hakina chumvi hakikai. Wiki moja kwenye friji, basi. Tengeneza kidogo.

Kachumbari ilinitesa zaidi. Kwetu kitunguu hukamuliwa kwa chumvi ili kitoe ukali, na hata ukikisuuza chumvi inabaki. Sasa nakimwagia maji ya moto, nahesabu hadi thelathini, nachuja, namwagia maji baridi, kisha ndimu na dania. Mzee wangu hajatambua mpaka leo. Papa ng'onda, yule mkavu wa chumvi, nikiletewa kutoka Mombasa siwezi kumkataa, sijafika kiwango hicho cha utakatifu. Namloweka usiku kucha, nambadilishia maji mara mbili, namchemsha na kuyamwaga maji yale, ndipo aingie kwenye nazi, na mchuzi wenyewe sitii chumvi. Ni mara moja kwa mwezi, kipande cha ukubwa wa vidole viwili.

Wiki ya tatu au ya nne hivi ulimi ulirudi. Nilinunua maembe ya kukatwa pale steji, yale ya chumvi na pilipili, nikayatema: niliona kama nimekula bahari. Sasa namwambia kijana anitilie pilipili na ndimu tu. Ananiita "mama pilipili kavu".

Lakini onyo moja, tena kubwa. Kuna chumvi mbadala zinazouzwa supamaketi, ambazo sehemu ya sodiamu imeondolewa na kuwekwa potasiamu. Zinawasaidia watu wengi kweli. Utafiti mkubwa uliofanywa China na kutolewa mwaka 2021 ulionyesha waliotumia chumvi ya namna hiyo walipatwa na kiharusi mara chache kuliko waliotumia ya kawaida. Nilipoletewa kopo langu nilishangilia, nikanyunyizia kila kitu mpaka mayai ya kuchemsha. Nilichosahau ni kwamba kwa dawa ya presha nilikuwa nimeanzia enalapril, ikanipa kikohozi kikavu, nikahamishiwa losartan, na dawa hizo zote mbili huifanya potasiamu ibaki mwilini. Nilipokwenda kupima damu ya kawaida, potasiamu ilikuwa imepanda. Ikizidi sana huvuruga mapigo ya moyo, na mwenye figo dhaifu ndiye wa kwanza. Kliniki niliyokuwa nikienda mwanzo hakuna aliyewahi kuniuliza natumia chumvi gani. Ni daktari mwingine aliyeuliza, akaniamuru kopo nilitupe. Kwa hiyo wewe kabla ya kuinunua, taja dawa zako zote na uulize figo zako zikoje.

Na usiache dawa kwa sababu umepunguza chumvi. Presha yangu sasa hukaa 130 na ushei kwa 80 na kitu, lakini ni vidonge, chumvi, kutembea hadi Gikomba kununua vitambaa badala ya kupanda gari, na kuacha diklofenaki. Nikisema ni pilipili ya ukwaju nitakuwa muongo.

Jumamosi nenda Burma. Mwambie mchomaji asinyunyize wala asiipake nyama maji ya chumvi, na uwahi kumwambia kabla haijapanda jikoni. Ikishakatwa, ile rundo la chumvi kwenye ubao wasogezee wenzako. Chovya vipande vya kwanza kwa ncha tu. Chumvi iliyo juu ya nyama ulimi huikuta mara moja, kidogo chake kinasikika kikubwa. Vingine vyote kula kwa ndimu na pilipili ya kijani. Kachumbari uliza kama imetiwa chumvi. Supu ya mifupa iruke, au onja vijiko viwili, maana hapo ndipo huimwaga bila kipimo. Na usile saa tano usiku.

Kuhusu pakiti yetu ya nusu kilo: siku hizi inafika siku ya 36. Mzee wangu ana yake ameificha kwenye kopo la majani ya chai, juu ya kabati, nyuma ya taa ya chemli. Ameiandika tarehe? Hajaandika. Nimemwandikia mimi, kwa penseli, chini ya kopo.