Unga mweusi wa jaa: ni mbolea ama nimechezewa?

SWALI: Habari zenu hapo. Mimi nakaa London, hii yetu ya Nakuru si ile ya Arsenal, jaa la Gioto tunaliona ukitoka tu kwa geti. Mwezi uliopita kijana alipita na mkokoteni akiuza magunia ya unga mweusi, ati ni mabaki ya mtambo wa kusafisha yale maji meusi yanayotoka kwa taka, ati huko majuu ndio mbolea ya kisasa. Nikachukua mawili, moja nikalitumia. Sasa sukuma zimeungua kingo, zinakuwa kahawia na kukatika kama karatasi iliyowekwa karibu na jiko. Nimechezewa?
Mama wa sukuma, London

JIBU: Pole sana mama. Umechezewa, lakini huo uongo una ukweli ndani yake, ndio maana kijana anauza.

Yale maji meusi wataalamu wanayaita lichati. Mvua ikipita kwa taka inabeba chumvi, amonia ile ya kuwasha macho, vyuma vizito vya sumu kama risasi na kadimiamu, na makemikali kibao. Mitambo ya kisasa inayasukuma kwa presha kwenye utando mwembamba sana, maji yanapita uchafu unabaki, na kwa kila lita 100 zinaweza kubaki 20 ama 30 zikiwa na karibu chumvi yote, kama mchuzi umesahauliwa kwa jiko ukapunguka, hebu uonje. Wengine huyarudisha hayo mabaki tu kwa jaa, inasaidia kwa muda halafu chumvi na amonia zinapanda na mtambo unalemewa.

Mali iko kwa amonia. Ukitia chokaa hadi pH, kile kipimo cha uchachu, ifike kama 11 inageuka gesi, unaipuliza kwa hewa, unaidaka kwa asidi ya salfuriki, unapata SA, yaani salfeti ya amonia, mbolea ile ile ya agrovet yenye nitrojeni asilimia 21. Ama unaongeza magnesiamu na fosfeti, pH kama 9, zinashuka chembe nyeupe zinaitwa struvaiti, unaweza kudhani ni magadi. Hiyo inalisha mmea polepole, ni nzuri kabisa. Shida ni lichati ina amonia nyingi na fosfeti kidogo sana, kwa hivyo fosfeti lazima ununue, na hapo mimi huuliza, si afadhali ningeimwaga shambani moja kwa moja? Hesabu inaingia tu kama hiyo amonia ilikuwa lazima itolewe, ama umepata fosfeti ya bei rahisi kutoka kwa taka zingine.

Sasa angalia, cha maana ni cheupe na kimetenganishwa. Unga wako mweusi, hata kama kweli umetoka kwa mtambo, ni kile kilichobaki nyuma.

Kuungua kingo kunafanana sana na chumvi. Mwagilia maji safi mengi siku kadhaa itashuka chini, lakini risasi na kadimiamu hazitoki hivyo. Peleka udongo KALRO, wale wa utafiti wa kilimo, uulizie vyuma vizito kwa jina, ju kipimo cha kawaida ni cha pH na rutuba tu. Hizo sukuma msile wala usiuzie majirani mpaka majibu yatoke. Mbolea tengeneza na maganda ya jikoni yaliyotengwa mapema kabla hayajakutana na betri, na sheria ya taka ya 2022 inataka tuyatenge hata hivyo.

Gunia la pili lifunge, liweke pasiponyeshewa. Usilimwage kwa mtaro, maji ya huko kwenu yanateremka kuelekea Ziwa Nakuru, na hilo ziwa halina mto wa kutoka.