Kampeni ya nishati safi haianzi na tisheti

Juzi kijana mmoja kaniandikia inboksi, anasoma hapa Dar ila kwao Ludewa, anasema dada shikamoo, tumeunda kikundi cha kupinga umeme wa makaa ya mawe kule Mchuchuma, tunataka umeme wa maji na sola, tisheti tushachapisha, sasa tunaanzaje? Nikacheka peke yangu kwenye daladala mpaka konda akanigeukia. Marahaba mdogo wangu. Nakujibu hapa hadharani manake najua hauko peke yako, wengi mnaonisoma mna moyo huohuo na nyie pia tisheti mnazo.

Mi niliingia kwenye haya mambo kupitia mkaa wa kawaida, sio makaa ya mawe, ila ugonjwa wa kampeni ni uleule. Sisi wa mtaani Mbagala tulikuwa na kikundi chetu, ikaja taasisi moja kubwa (siitaji jina, wanajijua) ikasema itatushika mkono kuwahamisha mama ntilie kutoka kwenye mkaa kwenda kwenye umeme. Safi. Nikawaambia tuanzie majumbani, wao wakataka semina, ukumbi wenye kiyoyozi, projekta, barafu inayeyuka kwenye slaidi, na wale mama wameamka saa tisa usiku kuchambua maharage, unategemea nini? Walisinzia, wakala, wakasaini posho, wakarudi kwenye majiko yao.

Tukaamua kwenda wenyewe. Tuliazima presha kuka ya umeme, tukaiweka kwa mama mmoja anayeuza wali maharage karibu na Rangi Tatu, tukawaita na wenzake waje waangalie mita ya LUKU. Namba ilisomwa kabla, maharage yakawekwa makavu kabisa hayajalowekwa, namba ikasomwa tena baada ya kuiva. Haikufika hata uniti moja. Yule mama alishika ile mita kwa mkono kama anaitilia shaka, akauliza "na sauti hii ya pssss ni kawaida?", wote tukacheka, akasema basi nimekubali, hapo mkaa wa kopo unanimalizia faida yangu yote. Niliondoka pale najiona waziri wa nishati.

Wiki ile ile nikapita, presha kuka iko uvunguni kwa kitanda. Mwenye nyumba kakataa.

Sasa hapa ndo nataka mnisikilize vizuri. Nyumba ya uswahilini ina vyumba labda sita na LUKU moja, watu wanachangishana hela ya umeme sawasawa, mwenye friji anasemwa, mwenye pasi anasemwa, we ukileta jiko la umeme umetangaza vita. Halafu kuna lile suala la uniti 75. Ukiwa unatumia chini ya hapo kwa mwezi unalipa kama shilingi 122 kwa uniti, ukivuka unahamishiwa kule kwa shilingi 356 hivi, na nyumba ya wapangaji sita imeshavuka zamani. Kwahiyo yule mama hata angeelimishwa mpaka apewe digrii asingepika na umeme, manake kitasa cha kampeni yetu hakikuwa mkononi mwake, alikuwa nacho mzee mwenye nyumba, mtu ambaye hakuna aliyemwalika semina wala kumpa tisheti.

Tukamfuata mzee barazani baada ya alasiri, anakunywa kahawa na wenzake. Shikamoo mzee, tukakaa. Hatukutaja tabianchi hata kidogo. Tulimuuliza tu anaogopa nini, akasema mambo mawili, ugomvi wa wapangaji na nyumba kuungua, na kwa kweli la pili alikuwa na haki, fundi alipokuja kuangalia waya za kile chumba zilikuwa nyembamba za taa tu. Ikabadilishwa waya, ikafungwa sabu mita, yani mita ndogo ya chumba chake peke yake, yule mama alipe alichotumia, basi. Yule mzee ndo akawa mpiga kampeni wetu mkubwa kuliko sisi, akawasimulia wenye nyumba wenzake mpaka tukaanza kuitwa badala ya kubisha hodi.

Halafu wakaja wale wa taasisi na kamera. Mnajua kilichofuata. Ripoti ilitoka ya kung'aa, picha ya yule mama anatabasamu, jina la kikundi chetu halipo hata kwa maandishi madogo. Imepita muda ila bado inaniuma, sitadanganya. Andikishianeni mapema mdogo wangu, makubaliano ya mdomo na mtu mwenye kamera ni hasara tupu.

Turudi Mchuchuma. Wote huwa tunawataja Lamu, kwamba wananchi walizuia mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050, na kweli leseni ya mazingira ilifutwa na baraza la rufaa za mazingira la Kenya mwezi wa sita 2019. Lakini watu wanashangilia tu hawasomi ile hukumu ilisimamia wapi. Tabianchi imo, ila hoja nzito ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo kwenye tathmini ya athari kwa mazingira. Yani karatasi. Nani aliitwa, aliambiwa nini, lini, wapi.

Na Ludewa kitasa kiko palepale, kwenye kushirikishwa wananchi. Mkutano mkuu wa kijiji kisheria ni kila miezi mitatu na kila mkazi mtu mzima ni mjumbe, mihtasari anayo mtendaji. Mradi wowote wa namna ile lazima upitie tathmini ya athari kwa mazingira, sheria ya mwaka 2004 inasema hivyo, na maoni ya wananchi yanatakiwa. Sasa nyie wa Dar mnaandamana mtandaoni, mkutanoni yupo nani? Nendeni mkakae kule nyuma kwenye benchi, ombeni mihtasari, ulizeni. Inachosha, najua.

Na msiende kupinga mikono mitupu. Watu wa kule wamesubiri fidia na ajira miaka mingi, ukifika na tisheti yako unawaambia makaa ya mawe ni mabaya watakuuliza "sasa chuma cha Liganga hapa jirani utayeyushia nini?" na wana haki. Mchuchuma imepangwa megawati 600. Mkoa wenu huohuo wa Njombe kuna Ruhudji megawati 358 na Rumakali 222 kwenye mipango ya serikali, jumlisha, ni 580, umeme wa maji mlangoni kwenu. Hapo una hoja ya mtu kukusikiliza. Watakwambia kiangazi mto unapungua, makaa hayapungui, na hapo msikwepe, jibuni na Bwawa la Nyerere lenye megawati 2,115 pamoja na sola ya Kishapu kule Shinyanga, semeni gridi ni moja inabebana. Usipoweza kujibu hilo swali bila kusoma kwenye simu bado hujawa tayari kupanda basi.

Vijana wa siku hizi mnapenda kuonekana kuliko kushinda, nawaambia ukweli hata kama mtanichukia. Kampeni ni kukaa na mzee mpaka aseme anachokiogopa.

Kuhusu hela, maana najua swali linakuja. Mkichangisha anzeni na nauli. Kuna wazee wanaotoka vitongoji vya mbali kuja mkutanoni, bodaboda kwenda na kurudi inawashinda, ndo maana akidi haitimii na maamuzi yanapitishwa na walewale wanaokaa karibu na ofisi.