Sindano ya Shangazi: Usilikate gauni la mama kabla hujachoma uzi wake

Barua za mwezi huu zinanuka sanduku la zamani. Kila mtu anataka kuolewa kama bibi yake, au kama picha ya bibi ya mtu mwingine. Mimi sina ugomvi na hilo. Nimekaa kwenye cherehani hapa Tanga tangu siku ambazo kupata mita tatu za satini kulihitaji kujuana na mtu, kwa hiyo nguo kuukuu naijua kwa jina. Naanza na barua ndefu kuliko zote.

*Shikamoo Shangazi. Mama yangu aliolewa Moshi mwaka 1987 na gauni lake bado lipo. Mikono imefura kama maputo, shingo imefungwa mpaka juu, mkia mrefu. Limegeuka rangi ya chai ya maziwa, na kifuani lina madoa ya kahawia ambayo mama anaapa hayakuwapo siku ya harusi. Nataka kulivaa Desemba. Fundi ameniambia atalitia dawa ya kung'arisha, akate mikono, na kwa wiki moja atakuwa amemaliza. Nimwachie? — Binti wa Mama, Arusha*

Marahaba mwanangu. Usimwachie. Na kama keshalichukua, panda bajaji ukalirudishe leo.

Kabla mtu hajagusa nguo ile kwa mkasi au kwa dawa, ni lazima ujue ni kitambaa gani. Geuza pindo la ndani, chomoa uzi mmoja, ushike kwa kibano juu ya sahani uuwashe. Ukinuka kama nywele zilizoungua na majivu yakapondeka kwa vidole, hiyo ni hariri. Ukinuka karatasi, ni pamba. Ukijikunja na kuacha kitone kigumu, hiyo ni poliesta au nailoni. Kwa gauni la 1987 mimi naweka dau langu kwenye poliesta, na ikiwa hivyo shukuru, maana linavumilia mengi. Ile dawa ya kung'arisha yenye klorini hula hariri, na nailoni huifanya njano zaidi. Fundi asiyeuliza kitambaa kabla ya kutaja dawa, mimi simpi hata foronya.

Kuhusu madoa, mama hadanganyi. Soda nyeupe na shampeni hukauka bila kuacha rangi. Nguo inakunjwa inaonekana safi, sukari inabaki kwenye nyuzi, na miaka ikipita inageuka kahawia yenyewe. Mimi nimeona gauni lenye alama nzima ya glasi iliyomwagika, na bibi harusi wa zamani akakumbuka palepale ni mjomba gani aliyemgonga kiwiko.

Ikiwa ni poliesta, loweka kwenye beseni kubwa au bafu la maji ya uvuguvugu na sabuni laini, lakini kama lina shanga, kwanza jaribu moja kwenye pamba yenye maji, uone kama rangi yake inatoka. Usilikamue. Usilinyanyue kwa mabega pia, kwa sababu likilowa linakuwa zito na mishono ya zamani itaachia. Litandaze juu ya shuka ndani ya maji, kisha shika pembe nne za shuka, wewe na mdogo wako. Anika kivulini, likiwa limelala. Likiwa hariri, usiliguse maji kabisa, mpelekee mtu anayeijua hariri.

Sasa mikono. Ile mikono ina historia. Julai 1981 Diana aliolewa London na gauni la tafeta lenye mikono ya namna hiyo na mkia wa mita 7 na zaidi, na kwa miaka kumi iliyofuata hakuna fundi aliyepumzika. Nilishona maputo mpaka nikayaota. Lakini usiyakate. Fumua mshono wa begani, toa mkono mzima, upunguze ukubwa, uurudishe ukiwa mwembamba hadi kiwiko. Kinachobaki kikiwa na upana wa kutosha kinakupa maua, na maua hayo yanakaa juu ya madoa yasiyotoka. Hakuna kitambaa kingine duniani kitakachofanana na gauni hilo rangi kwa rangi. Ukienda Kariakoo na kipande mkononi kutafuta "nyeupe kama hii" watakuonyesha nyeupe thelathini na zote zitakukosa.

Na hiyo rangi ya chai iache. Siku ya harusi usisimame karibu na kitambaa cheupe cha meza, basi.

*Shangazi, mimi ni wa Mombasa, nitavaa hijabu. Napenda mtindo wa zamani lakini naona picha zote ni mabega wazi. Kuna wa kwangu? — Mwana, Kisauni*

Upo, na ndio bora kuliko yote. Tafuta picha za harusi ya Grace Kelly, yule mwigizaji wa Marekani, Monaco, Aprili 1956. Lesi imepanda mpaka shingoni, mikono mirefu, kiuno kimebana, sketi imejaa, na kichwani kofia ndogo ya lesi iliyokumbatia kichwa badala ya taji la kusimama. Kofia hiyo juu ya hijabu iliyofungwa vizuri hukaa kama ilizaliwa hapo. Mwambie fundi aishonee ukanda wa pamba kwa ndani, pini zishike pamba, zisitoboe lesi.

Neno moja la pembeni. Watakapokufukiza udi, vua shela kwanza. Mwaka mmoja nilimwacha bibi harusi asimame juu ya chetezo na shela yake ya neti. Cheche moja ikaruka, na kabla sijasema bismillahi tundu la ukubwa wa sahani likawa limefunguka. Nikakata maua matatu kutoka kwenye shada la msimamizi nikaziba pale pale sebuleni. Watu wakasifu ubunifu. Mimi nilikuwa natetemeka.

*Assalaam alaykum Shangazi. Nataka taji langu la maua nilitengeneze mwenyewe, liwe kama yale ya picha za kale. Bibi yangu hapa Unguja anasema ua la kitambaa ni ua la kaburini, nivae asumini. Nani yuko sawa? Na nianzie wapi? — Mwari mwenye gundi, Unguja*

Wa alaykum salaam. Kwanza weka gundi chini. Gundi ya kuyeyusha hulegea kwenye joto, na wewe utakuwa ukumbini chini ya taa za mpiga picha na watu mia tatu wanaopumua. Ua la harusi hushonwa.

Bibi yako yuko sawa kuhusu harufu. Asumini, mrehani na mkadi vilivyofungwa kikuba, hakuna duka litakalokuuzia kitu kama hicho. Lakini yuko nusu tu, kwa sababu asumini haisubiri mtu. Huchumwa jioni ikiwa bado imefumba, hufunguka usiku, na kesho yake mchana imekwisha sinyaa na kuwa na kingo za kahawia. Kama ndoa yako ni baada ya magharibi, vaa asumini. Kama ni asubuhi na picha zitaendelea mpaka alasiri, fanya ninavyofanya mimi: taji la kitambaa, na nyuma ya kila ua kubwa nashona kifuko kidogo cha neti, upana wa vidole viwili. Humo natia asumini zilizofumba, zilizolala usiku kwenye jani la mgomba lililoloweshwa. Zikinyauka, dada yako anazitoa na kutia nyingine. Wageni wanaona ua halisinyai na linanukia, na bibi yako anatulia.

Mimi nilijifunza maua kwa shida. Niliolewa 1983, wakati maduka yana rafu tupu na watu wanapanga foleni ya sabuni. Gauni nililiazima, lilishavaliwa na wengi kabla yangu, na halikuwa na ua hata moja lililobaki. Mama yangu akachukua vipande vya bitana ya pamba nyeupe, akapika wanga wa muhogo, na usiku mmoja tukakaa na jiko la mkaa na kijiko. Namna yetu ilikuwa hivi, na bado ndiyo yangu.

Kijiko kimoja cha unga wa muhogo kwenye kikombe cha maji, koroga motoni mpaka uone unang'aa. Chovya pamba, ikamue kidogo, itandaze kwenye meza, na ikikaribia kukauka ipige pasi. Hapo ndipo ukate petali. Ukikata kabla ya wanga, kingo zitachambuka zote. Kisha pasha moto mgongo wa kijiko cha chuma, weka petali juu ya taulo lililokunjwa mara nne, bonyeza katikati. Petali inajikunja kama kiganja cha mtoto. Kijiko kikiwa moto mno, pamba inageuka rangi ya chapati, kwa hiyo jaribu kwanza kwenye kipande cha kutupa. Mafundi wa Ulaya wana vyuma maalumu vya kazi hii, vyenye vichwa vya mviringo vya kila ukubwa. Mimi nina vijiko vitatu, cha chai, cha supu na kile cha pawa.

Satini ya poliesta haihitaji wanga. Kata miduara, pitisha kingo pembeni mwa moto wa mshumaa, si juu ya ulimi wake, na kingo zitajikunja zenyewe. Kwa waridi moja mimi hutumia petali 5 za sentimita 8, petali 5 za sentimita 6, na 3 za sentimita 4 kwa ajili ya moyo. Nusu mita ya satini yenye upana wa sentimita 150 inakupa waridi 12 bila kubanana. Hariri na pamba usizipeleke kwenye mshumaa. Hizo haziyeyuki, zinawaka.

Na asikwambie mtu kwamba hii ni kazi ya kupoteza muda. Fundi ninayempenda kuliko wote ni Ann Lowe, Mmarekani mweusi wa Alabama. Bibi yake alizaliwa utumwani, na bibi huyo pamoja na mama yake Ann walikuwa wakishonea wanawake wa matajiri. Ann akiwa mtoto aliokota vipande vilivyoanguka chini ya meza akavigeuza maua, na maua ya kitambaa ndiyo yaliyokuja kumtambulisha. Ndiye aliyeshona gauni la Jacqueline Bouvier alipoolewa na John F. Kennedy, Septemba 1953. Siku kama kumi kabla ya harusi maji yalifurika karakana yake, yakaharibu gauni la bibi harusi na ya wasimamizi. Akanunua hariri upya, akakesha na wasichana wake, akala hasara, na familia hakuiambia. Magazeti mengi yakaeleza gauni mshono kwa mshono bila kutaja aliyelishona. Jambo hilo huwa linaniuma nikiwa natoboa petali, kwa hiyo nami huwaambia wateja wangu waandike jina la fundi kwenye kadi, chini ya jina la MC.

Kichwani, Jacqueline alivaa shela ya lesi ya bibi yake. Angalia hilo vizuri kabla hujajitwika kila kitu cha kale kwa mpigo. Kitu kimoja cha zamani kwenye vazi jipya kinatazamwa. Vitu sita ni mchezo wa kuigiza wa shule.

*Shangazi, niko London. Sokoni nimepata taji dogo la maua meupe, muuzaji anasema ni la miaka mia moja na zaidi, maua ni ya nta. Harusi yangu ni Malindi, Februari. Nilivae? — Mwenye Bahati*

Bahati unayo kweli. Malkia Victoria alipoolewa tarehe 10 Februari 1840 alivaa kichwani maua ya mchungwa, na baada yake kila bibi harusi wa Uingereza aliyataka. Ua la mchungwa halipatikani kila msimu kule kwenye baridi, ndipo wakayatengeneza kwa nta juu ya waya.

Lakini Malindi mwezi wa Februari, mwanangu! Nta huanza kulegea zamani sana kabla ya kufika mahali pa kuyeyuka, na gari moja lililoegeshwa juani litakuletea taji lililolala kama tambi. Livae London, siku ya picha za uchumba. Huku njoo na picha yake iliyopigwa karibu, pande nne, na rula pembeni. Nitakutengenezea la pamba na wanga, vichipukizi vyake vya uzi uliofungwa fundo na kuchovywa gundi ya mbao mara mbili. Ukilisafirisha lile la nta, libebe mkononi kwenye sanduku gumu, usilikabidhi kwenye mizigo.

*Shangazi samahani, mimi ni mwanamume. Mchumba wangu anavaa gauni la bibi yake. Mimi nivae nini nisionekane nimekosea harusi? — Bwana Harusi, Dodoma*

Suti ya kijivu au ya bluu ya giza, iliyokukaa mabegani. Usikodi ya kung'aa. Mwombe kipande cha kitambaa kilichobaki, hata kidogo kama kiganja, nikutengenezee ua moja la kwenye kola. Nitumie kipimo cha kola yako kwanza. Mwenzako wa mwezi uliopita hakunitumia, akapanda madhabahuni na kabichi.