Gumba la Larry Graham lilitokana na kukosa mpiga drams

Mkuu, umeuliza kama ule mtindo wa fanki (muziki wa dansi wa Wamarekani weusi) wa kugonga besi kwa kidole gumba unasomewa shule, na nani aliuanzisha. Nimepiga besi bendi za hotelini miaka kumi na ushee, nikujibu ninavyojua.

Anza na Larry Graham. Kazaliwa Texas 1946, kakulia Oakland, California. Mama yake, Dell, alikuwa mwimbaji na mpiga piano, na kijana ana miaka 15 tayari yuko naye kazini na gitaa la kawaida. Ukumbi mmoja ulikuwa na ogani yenye pedali za besi, basi mikono ikawa kwenye gitaa, miguu inakanyaga besi. Ogani ikafa. Akakodi gitaa la besi la kushikizia, lakini ogani haikutengenezeka. Baadaye mama akaamua waendelee wawili tu, bila drams. Hapo ndipo penyewe: Larry akawa anatwanga uzi mnene kwa gumba badala ya ile drams ya mguuni, na uzi mwembamba anaufyatua kwa kidole badala ya sneya, ile drams ndogo yenye mlio mkali. Hakuwa na mpango wa kuwa mpiga besi, kwa hiyo hakujali kama anakosea.

Dada mmoja shabiki akawa hamwachi Sly Stone, wakati huo mtangazaji wa redio: njoo umsikie huyu kijana. Akaenda. Kuanzia 1967 Larry yuko Sly and the Family Stone, bendi ya huyo Sly. Sikiliza wimbo wao "Thank You", namba moja Marekani 1970. Baadaye akaunda bendi yake, Graham Central Station, na 1980 akaimba "One in a Million You", wimbo wa mapenzi kabisa (we acha tu).

Mimi siku ya kwanza kujaribu gumba ilikuwa katikati ya rumba. Kiongozi wa bendi akanigeukia: "Kijana, unapiga besi au unatwanga kisamvu?" Alikuwa na haki, mpiga drams yupo, mimi namkanyaga. Miezi baadaye yule mpiga drams akashikwa na malaria Ijumaa, ukumbi umejaa. Kiongozi akanitazama, akasema neno moja: "Twanga." Gumba lilitoka lengelenge kubwa kama punje ya hindi.

Wewe anza na nyuzi mbili tu, taratibu, spika umeizima.