Shangazi, kuhama hatua mia tatu nako ni kuhama?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Kwa Mrombo hapa Arusha, mwaka wa tisa huu tuko kwenye nyumba moja ya kupanga, vyumba viwili na sebule, choo kiko nje tunashea na wapangaji wengine wawili. Tulipoingia tulikuwa mimi na mume wangu na mtoto mmoja wa kushika mkono, saizi tuko sita mana mama mkwe tumemchukua kutoka kijijini huko Meru baada ya mzee kufariki. Watoto wanamwita koko, ana miaka 78, magoti yanamsumbua na usiku lazima nimsindikize chooni, mvua hizi namshika mkono huku na mwavuli huku. Analala chumba kimoja na watoto wote watatu, binti mkubwa yuko darasa la saba na ameshaanza kuona aibu kubadilisha nguo.

Sasa ng'ambo ya korongo imepatikana nyumba, ukisimama mlangoni kwetu unaiona bati lake. Vyumba vitatu, choo ndani, ina geti na kisima chake mwenyewe, maji hayakatiki. Hapa tunalipa 120,000 kwa mwezi, kule anataka 170,000 na anataka ya miezi sita. Mume wangu ni dereva wa watalii, anasema kuhama hatua mia tatu ni kuhama gani, watu watasema tumefukuzwa. Na anasema atamwangaliaje usoni baba mwenye nyumba wetu, kwasababu mwaka 2020 watalii walipoacha kuja kwa ajili ya Korona yule mzee alitusubiri kodi miezi minne na hakuwahi kutupigia kelele hata siku moja. Koko mwenyewe hasemi kitu, ukimuuliza anasema nyie amueni. Kodi yetu inaisha mwisho wa mwezi wa sita. Tuhame au tutulie?
Mama Watatu, Kwa Mrombo

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa mwavuli na mkono wa koko usiku, hapo peke yake nimeshaelewa kwanini unataka kuhama. Watu sita vyumba viwili na bibi mwenye magoti mabovu kutoka nje usiku kwenye tope, hiyo sio tamaa ya nyumba nzuri, hiyo ni haja. Kwahiyo kwenye swali la kuhama mimi nakuambia hameni. Ila nyumba hiyo ya ng'ambo bado sijaikubali na ntakuambia kwanini.

Mtu anayehamia mtaa mgeni anakuwa macho, anauliza kila kitu, maji vipi, umeme vipi, wezi vipi. Anayehama ndani ya mtaa wake haulizi kitu, anaona anapajua. Mimi yalinikuta Ngarenaro, nilihama kutoka nyumba moja kwenda nyumba ya mtaa wa nyuma, nyumba ambayo nilikuwa napita mbele yake kila siku kwa miaka sita, najua rangi yake, najua mti wake wa parachichi, najua mpaka mbwa wao. Nikaingia mwezi wa kwanza jua kali, nyumba safi inanukia rangi mpya. Mwezi wa nne usiku nikaamka nashusha mguu kitandani nakanyaga maji. Asubuhi ndo naangalia vizuri fremu ya mlango wa chumbani, pale chini kabisa mbao imevimba na rangi imepasuka kama ganda la muhogo, nikabonyeza na ncha ya ufunguo, ikazama yote. Ile fremu ilikuwa inalowa kila masika na mwenye nyumba alikuwa anaipaka rangi kila kiangazi. Mtaa nilikuwa naujua, nyumba sikuwa naijua.

Kwahiyo mwanangu kwa vile umeniandikia masika hii hii, una bahati. Siku mvua inapiga kweli kweli vaa mabuti uende ukaione hiyo nyumba, usingoje mvua ikatike. Angalia maji ya juu yanateremkia wapi, mana huku kwetu maji yanashuka kutoka Mlima Meru na yanatafuta njia yake ya zamani hata kama mtu ameshajenga ukuta. Bonyeza fremu za milango kwa chini, sogeza kabati kama kuna mtu bado anaishi humo, nusa ukuta. Alafu ongea na mpangaji anayetoka au jirani wa ukuta mmoja, usiongee na dalali, dalali anaishi kwa nyumba kujaa.

Sasa korongo. Hapa ndo nimekaa sana na barua yako. Unasema hatua mia tatu, ila hizo ni hatua zako wewe wakati wa kiangazi. Shule ya watoto iko upande gani? Hujasema, ila kama mmekaa hapo miaka tisa na wanatembea kwa mguu basi naamini iko upande wenu wa sasa, mana yake mkihama watoto watavuka korongo asubuhi na jioni. Wote tunakumbuka Aprili 2024 gari la wanafunzi lilivyosombwa na maji ya korongo hapa hapa Arusha, watoto wakafa, na lile lilikuwa gari, sio mtoto anayetembea na begi mgongoni. Maji ya makorongo yetu hayajai polepole ukaona, hapa kwako jua linawaka huko juu mlimani inanyesha, nusu saa baadae limefika. Kwahiyo swali la kwanza kabla ya kodi kabla ya geti ni hili, kuna kivuko cha maana hapo, chenye ukingo, au watu wanaruka mawe? Kama ni mawe, basi njia halisi ya watoto ni kuzunguka mpaka darajani barabarani, itembee hiyo njia mwenyewe umemshika mkono huyo mdogo, uone ni dakika ngapi, huo ndo umbali wa nyumba hiyo. Binti wa darasa la saba ana mtihani wa taifa mwezi wa tisa, huo utapita kiangazi. Ila vuli inarudi mwisho wa mwaka na korongo linarudi nayo.

Na koko je. Anasema nyie amueni, wazee wote wanasema hivo, haimaanishi hana neno. Kaa uangalie siku moja tu anafanya nini kuanzia saa tatu asubuhi. Nina uhakika ana mahali anakaa, kuna jiwe au kibenchi, na kuna bibi mwenzake anakuja wanaongea Kimeru mpaka jua linapanda. Ametoka kijijini kwake amezika mume, huyo bibi mwenzake ndo kijiji chake kilichobaki. Ukimpeleka ng'ambo umempa choo cha ndani na umemnyang'anya mtu wa kuongea naye, mana kwa magoti yale korongo halivuki kabisa, hata kiangazi. Mimi simaanishi choo sio muhimu, ni muhimu sana, mzee akianguka usiku akavunja nyonga ndo mwanzo wa kitanda. Ila muulize kwa namna nyingine, usimuulize tuhame au tusihame, muulize "koko, tukikaa ng'ambo utakuwa unaongea na nani?" alafu unyamaze umsikilize.

Kuhusu kisima, naomba unisikilize vizuri mana una mtoto mdogo. Hujaandika umri wake, ila kama hajafika miaka nane hili linamhusu moja kwa moja. Arusha yetu maji mengi ya chini yana floridi kwasababu ya mawe ya volkano, ndo mana wengi wetu tuliokulia huku tuna meno ya kahawia, na wengine ikizidi miaka mingi inaingia mpaka kwenye mifupa. Kiwango kinachokubalika ni miligramu 1.5 kwa lita, na kuna visima huku vinapita hapo mbali. Meno ya ukubwani yanajitengeneza ndani ya fizi kabla ya miaka nane, madoa yakishaingia hayatoki kwa mswaki wowote. Na hayo maji ni meupe kabisa, matamu, huwezi kujua kwa kuonja. Kuchemsha hakuondoi, tena unapunguza maji floridi inabaki ile ile kwahiyo inakuwa kali zaidi. Ingependeza mwenye nyumba akuonyeshe karatasi ya vipimo, kama hana chukua chupa safi peleka maabara ya maji, wanapima. Ikionekana iko juu haimaanishi nyumba ni mbaya, fulieni na kuogea na chooni, ila ya kunywa na kupikia tafuteni kwingine ambako kumepimwa, na hiyo hela ya maji ya kunywa uiweke kwenye hesabu ya kodi.

Tukija kwenye hesabu, 170,000 mara sita ni 1,020,000 kwa mkupuo, na hapo hujaweka kirikuu ya kubeba vitu, makufuli mapya, mapazia mana madirisha hayalingani kamwe. Mume wako ni dereva wa watalii na masika hii magari yamepaki, hela inaanza kuonekana mwezi wa sita mwishoni na wa saba. Sasa kodi yenu inaisha mwisho wa mwezi wa sita, yani mnatakiwa kutoa milioni wakati mfuko ndo uko chini kabisa. Mimi ningeenda kwa mzee mwenye nyumba wenu wa sasa nikamwomba tulipe mwezi mwezi, wa saba na wa nane, alafu tuhame mwezi wa tisa barabara kavu na mfuko umejaa kidogo. Na baba awepo siku hiyo, aombe siku mbili kazini, usije ukahamisha friji na koko peke yako yeye yuko Serengeti hana hata netiweki.

Kabla ya kutoa hata shilingi nunua umeme wa 5,000 kwenye mita ya hiyo nyumba uone meseji inasoma nini. Kodi ya jengo inakatwa humo kwenye LUKU, nyumba ya kawaida 1,500 kwa mwezi, na kama mita imekaa muda bila kununuliwa umeme makato ya nyuma yote yanakusubiri wewe. Kodi ya jengo ni ya mwenye nyumba sio ya mpangaji, kwahiyo iandikeni kwenye mkataba kwamba mtakatana kwenye kodi. Uliza pia mita ni yenu peke yenu, mana mita ya kuchangia nimeona inavunja urafiki wa miaka. Na ulizia kama ng'ambo ni mtaa ule ule kiserikali, makorongo mara nyingi ndo mpaka, ikiwa ni mtaa mwingine mkajitambulishe kwa mwenyekiti wa huko na mkataba ushuhudiwe ofisini kwake.

Sasa mzee wenu wa miezi minne. Mumeo ana moyo mzuri na namheshimu kwa hilo, wengi wakishapata wanasahau. Ila kukaa kwenye nyumba isiyowatosha sio namna ya kumlipa mtu fadhila. Mnachodaiwa naye ni kwamba asisikie kwa watu. Saizi hii kabla hamjaongea na dalali wala jirani wala kwenye kikoba, nendeni wawili jioni akishakula, msiende mikono mitupu, mume ndo aanze kuongea. Amkumbushe ile 2020 kwa mdomo wake mwenyewe, aseme mzee hatujasahau, alafu amwambie ukweli wote, koko na choo cha nje, binti amekua. Msitafute visingizio vya bati linavuja. Mtaonana sokoni, mtaonana misibani, watoto wenu watapita mlangoni kwake miaka yote, kwahiyo mtoke hivo kwamba siku yoyote mnaweza kupiga hodi. Na mkimaliza kusema mnyamaze, mana mimi nimeona wenye nyumba wakisikia hivo wanasema ngoja niwajengee choo ndani na chumba kimoja kwa nyuma. Akisema hivo msikubali wala kukataa siku hiyo, ulizeni lini, na mrudi nyumbani mkaongee.

Ningekuwa mimi ningetafuta kwanza nyumba ya choo ndani upande huu huu wa korongo, hata ikiwa haina geti.

SWALI: Shangazi habari. Niko Pasua, Moshi. Nimejenga vyumba viwili mtaa huu huu tunaopanga, bati liko juu, madirisha na sakafu bado. Mimi nasema tuhamie hivo hivo tuache kulipa kodi, mke wangu hataki. Nani yuko sahihi?
Baba Kijana, Pasua

JIBU: Hongera kwa bati mwanangu, wengi wanaishia kwenye msingi. Ila mkeo yuko sahihi kwa sehemu na ungemuuliza hasa anakataa nini, mana nahisi sio sakafu. Mwanamke anaweza kufagia vumbi mwaka mzima, ila nyumba isiyo na choo chake na mlango usiofunga hawezi kulala na watoto. Kwahiyo anza na choo, tena choo kizima chenye mlango, alafu milango miwili ya nje, alafu madirisha, hata kama ni nondo na nyavu tu vioo vije baadae. Nyavu usiziruke kabisa, nyie mko karibu na mashamba ya mpunga ya huko Mabogini na mbu wa huko unawajua. Sakafu mwage zege la kawaida, vigae subiri. Hayo manne yakiisha mpeleke mkeo jioni moja na viti viwili, mkae humo ndani mpaka giza liingie, akiwa tayari yeye mwenyewe atakuambia vyombo vinaanza kubebwa lini.